Nani Alimjibu Nani: Sauti Zinazopachikwa Kwenye Rekodi za Laivu

Shikamooni wazee wangu. Vijana wa mitambo, habari za kazi. Ninyi mliokalia masanduku ya spika kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, sogeeni. Hapa mbele pana mkeka na nafasi ipo.

Nimeombwa nizungumzie kurekodi maonyesho ya laivu. Mada hiyo ni pana, nami nina dakika 40 tu, kwa hiyo nitashika kona moja: kile kinachotokea watu wakishakwenda nyumbani, rekodi ikafika studio, mtu mmoja akaisikiliza mara mbili, kisha akasema, "Hapo parudiwe." Wenyewe tunaita kudabu. Leo nitasema kupachika, maana ndicho kitendo chenyewe. Unaitoa sauti iliyotoka jukwaani, unapachika iliyotoka chumbani, na makofi ya watu unayaacha palepale yalipokuwa.

Nianze na kosa langu, msije mkadhani nimekuja kuhukumu wengine.

Miaka 12 iliyopita nilirekodi onyesho la kwaya, usiku mmoja, kwenye ukumbi wa bati wenye feni sita zinazolia. Katika wimbo wa tatu alisimama mama wa makamo kuimba peke yake. Beti mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kwenye ubeti wa tatu alifika kwenye neno "nyumbani", sauti ikamkatika. Akajaribu tena, ikakatika tena. Wale wa sauti ya pili waliokuwa nyuma yake hawakungoja zamu yao. Waliingia mapema, mapigo manne kabla, wakalibeba neno lile kwa niaba yake. Mpiga kinanda akalegeza mkono mpaka karibu asisikike. Watu wakasimama. Vigelegele vikaanzia kushoto, karibu na mlango, vikazunguka ukumbi mzima. Mama akavuta pumzi, akamaliza ubeti.

Wiki iliyofuata viongozi wa kwaya walikuja studio wakaniambia, "Fundi, pale parekebishwe, hii CD tunaiuza." Mama akaletwa Jumanne asubuhi. Nikamvika hedifoni, akaimba ubeti wa tatu bila doa. Nikaupachika. Nilipousikiliza pamoja na wengine, wale wa sauti ya pili sasa walikuwa wanaingia vibaya, kama watu wasiojua kuhesabu. Nikawasogeza mpaka mahali pao. Kinanda nacho kikawa kinazama bila sababu, nikakiinua. Vigelegele vilikuwa vinalipuka juu ya mtu anayeimba vizuri tu, hakuna kilichomtokea. Nikavishusha mpaka vikasikika kama mvua ya mbali. Kazi ile ilinichukua siku mbili nzima, na ilipokwisha ilikuwa safi kweli.

Mama alikuja kusikiliza. Alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha, akaniuliza, "Mwanangu, na pale waliponishika pako wapi?"

Sikuwa na jibu. Wala sikuwa na cha kumrudishia, kwa sababu rekodi ya usiku ule nilikuwa nimeshaifuta kwenye diski ili nipate nafasi ya kazi nyingine.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta wenzangu waliofanya hivyo kabla yangu, nijue walifikiri nini. Nimewapata wengi, na wengi wao ni watu wa roki wa Marekani na Uingereza wa miaka ya 1960 na 1970. Wale ndio waliofanya biashara kubwa ya albamu za laivu, na uzuri wao ni kwamba baadaye walizungumza. Wengine walikiri, wengine wakabishana hadharani. Kwa fundi, ubishi wao ni shule.

Kwanza tukumbushane kazi ilivyokuwa. Bendi kubwa ikitaka kurekodi onyesho, lori liliegeshwa nyuma ya ukumbi. Ndani ya lori mlikuwa na meza ya kuchanganyia sauti na mashine ya mkanda wenye njia 8, baadaye 16, baadaye 24. Waya zilitoka jukwaani, zikapita mlangoni au dirishani, zikaingia kwenye lori, na sauti za jukwaani zikagawanywa kwenye njia zile: mwimbaji huku, besi kule, gitaa hapa, dramu zimegawana njia kadhaa, na maiki mbili zikielekezwa kwa watu. Kwa hiyo mkanda ulipofika studio, mtu aliweza kufuta njia ya besi peke yake na kumwita mpiga besi aipige upya, huku mengine yote yakibaki.

Ndivyo inavyoonekana kwenye karatasi. Lakini maiki haijui kusikia cha kwake tu. Maiki ya dramu inasikia gitaa. Maiki ya mwimbaji inasikia matoazi yanayogongwa nyuma ya kisogo chake. Tunasema sauti inavuja. Kwenye jukwaa la roki, lenye amplifaya zilizopandana kama matofali, inavuja vibaya sana. Sasa wewe umefuta njia ya besi, umefurahi, besi imeondoka. Fungua maiki za dramu uone: besi ile ile bado imo, imejificha chini ya tumba kubwa, inanguruma. Mpiga besi akirudia studio akachelewa hata kidogo, unasikia besi mbili, ya aliye hai na ya mzimu wake. Utafanya nini? Ama unamwambia apige vilevile alivyopiga jukwaani, na makosa yake, au unaanza kufuta na majirani. Mimi nilianza na ubeti mmoja wa mama mmoja, nikaishia kwenye vigelegele vya ukumbi mzima.

Basi shikeni hilo la kuvuja, kwa sababu ndilo lililobeba ubishi maarufu kuliko wote, wa albamu ya Thin Lizzy iitwayo Live and Dangerous, iliyotoka mwaka 1978. Thin Lizzy ni bendi ya Dublin, Ireland. Kiongozi wao, Phil Lynott, aliimba na kupiga besi kwa wakati mmoja, na aliyewahi kujaribu anajua mkono na mdomo vinavyogombana. Mikanda ilitoka kwenye maonyesho ya London mwaka 1976, na ya Toronto na Philadelphia mwaka 1977. Prodyuza alikuwa Tony Visconti, yule aliyefanya kazi nyingi na David Bowie. Mikanda ikapelekwa studio Paris.

Visconti alisema baadaye kwamba karibu asilimia 75 ya kinachosikika kilirekodiwa upya pale Paris, na kwamba vilivyobaki kutoka jukwaani ni dramu na watu. Meneja wa bendi, Chris O'Donnell, akasema hesabu hiyo imepinduliwa: asilimia 75 ni jukwaani, 25 ndiyo ya studio, nayo ni sauti za kuitikia na magitaa ya hapa na pale. Brian Robertson, mmoja wa wapiga gitaa wawili, alikuja na hoja ya kifundi: bendi ilipiga kwa sauti kubwa mno, besi ikamwagika ndani ya maiki za dramu, kwa hiyo haiwezekani besi ikafutwa na dramu zikabaki.

Miaka na miaka watu walibishana kwenye majarida. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyiko mkubwa wenye maonyesho yenyewe ya miji ile, watu wakaweza kulinganisha kwa masikio yao. Hilo liliwezekana kwa sababu moja tu, nayo nitairudia mpaka mchoke: mikanda ilitunzwa.

Naipenda albamu ile. Magitaa mawili yanapokwenda pamoja kama ndugu wanaoshikana mikono, bado nywele zinanisimama. Sitaki mtu atoke hapa akisema nimeiita ya uongo. Ninachotaka mkione ni kitu kimoja ambacho Visconti na Robertson hawakukibishania: kila mmoja anakubali kwamba dramu ni za jukwaani. Mpiga dramu, Brian Downey, alizipiga usiku ule mbele ya watu wale. Sasa mpiga dramu anapiga kwa kusikia nini? Anamsikia mpiga besi. Besi ikivuta nyuma, naye anavuta. Mwimbaji akirefusha neno, anampa toazi la kumsindikiza. Kila pigo lake ni jibu kwa mtu aliye mita chache mbele yake. Ukimwondoa aliyeuliza, ukamweka mwingine aliyekaa kwenye kiti Paris miezi kadhaa baadaye, dramu zinamjibu nani?

Paukwa!

(Ukumbi: Pakawa!)

Mmeona mlivyoitika? Wengine mmeitika kwa nguvu, wengine mmestuka mkachelewa, na mzee hapa mbele ameitika huku anacheka. Nimeita kwa ghafla, ndiyo maana mmejibu hivyo. Nikirudi nyumbani nikaona nimeita kwa sauti mbaya, nikarekodi "paukwa" nyingine nzuri, ya taratibu, nikaipachika mbele ya "pakawa" zenu, kila neno litakuwa la kweli. Nimesema mimi, mmeitika ninyi. Lakini yule mzee atasikika anacheka, na asiyekuwepo hatajua anacheka nini.

Hicho ndicho ninachokiita kuharibu. Noti safi wala kurudia siogopi. Naogopa jibu lililobaki bila swali lake.

Sasa nimsikilize na wa upande wa pili, maana ana hoja nzito. Bendi ya Kiss ilitoa albamu yao ya Alive! tarehe 10 Septemba 1975. Walikuwa wametoa albamu tatu za studio ambazo hazikuuza vya kutosha, na kampuni iliyokuwa ikiwatoa ilikuwa inahangaika kifedha. Jukwaani ndiko walikotisha: moto, mabomu ya moshi, viatu vya visigino virefu, kuruka huku na huko. Mtu anayeruka na viatu vile anakosa waya za gitaa, hilo halihitaji mtabiri. Prodyuza Eddie Kramer alichukua mikanda ya Detroit na miji mingine, akaenda nayo studio New York, vingi vikapigwa na kuimbwa upya. Albamu ile ndiyo iliyowatoa. Kwa miaka mingi walikuwa wagumu kulizungumzia, lakini Paul Stanley, mwimbaji na mpiga gitaa wao, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2014, aliliweka wazi: ndiyo, tuliiboresha, wala si kwa kuficha kitu. Nani anataka kusikia kosa lilelile kila anapoweka sahani, au gitaa lisilo kwenye tyuni mpaka mwisho wa dunia?

Ndugu zangu, hoja hiyo msiipite kwa haraka. Ukumbini kosa linapita na usiku. Kwenye rekodi linakaa. Aliyekuwepo ukumbini alikuwa na moto machoni, jasho, bega la rafiki yake, na gitaa lililotoka kwenye tyuni hakuliona kabisa. Aliye nyumbani ana masikio tu. Stanley anasema anampa huyu wa nyumbani kile ambacho yule wa ukumbini alidhani amekisikia. Nimeifikiria hoja hiyo sana, na nusu yake naikubali. Gitaa lisilo kwenye tyuni, lisilojibiwa na mtu, lirekebishwe. Lakini kosa ambalo wenzako walilisikia, wakaligeukia, wakalifanyia kitu, hilo si kosa tena. Limeshakuwa sehemu ya wimbo.

Tazameni sasa jambo linavyobadilika tukilitazama hivyo. Mpiga gitaa na mwimbaji Peter Frampton alitoa albamu yake kubwa ya laivu mwaka 1976. Ameeleza vilivyorekebishwa, navyo ni vichache. Kimojawapo ni gitaa la rithimu kwenye wimbo wa Show Me the Way. Alikuwa anatumia kile kifaa cha mrija mdomoni kinachofanya gitaa liseme, na kifaa kile kina spika yake. Alipobadilisha kutoka kimoja kwenda kingine, fundi alisahau kuhamisha maiki. Gitaa lilipigwa, wenzake walilisikia, watu walilisikia, mkanda peke yake ndio haukulisikia. Kupachika gitaa lile upya ni kurudisha swali ambalo majibu yake yote yamo kwenye mkanda. Hapo mimi nisingesita.

Rob Halford, mwimbaji wa bendi ya Judas Priest, yuko katikati. Albamu yao ya laivu ya mwaka 1979 ilirekodiwa Tokyo, na sauti yake siku zile haikuwa nzima. Mwenyewe amesema aliimba upya studio, akapewa jina baya na magazeti, huku bendi nyuma yake ikiwa ni ile ya Tokyo. Mpaka leo sijui nimweke wapi. Mwimbaji aliyeugua, akarudi kuimba nyimbo zilezile kwa mtiririko, si sawa na aliyekatiwa neno moja moja. Halafu bendi ile inapiga kama mashine ya kushona: hawamngoji mwimbaji, mwimbaji ndiye anayewakimbilia. Labda hakuvunja kitu.

Eagles je? Huko sina huruma. Bendi hiyo ya Marekani, kwenye onyesho lao la mwisho kabla ya kuvunjika, Long Beach, California, Julai 1980, waligombana jukwaani, na bendi ikavunjika kwa miaka mingi. Kampuni ilikuwa inadai albamu ya laivu. Glenn Frey, mmoja wa waimbaji wao, alikuwa Los Angeles, wengine Miami, hawataki hata kuonana. Prodyuza Bill Szymczyk alirekebisha sauti kwa kutumiana mikanda kutoka pwani moja hadi nyingine, na mwenyewe amesema wazi kwamba uitikiano wa sauti tatu kwenye albamu ile uliletwa na kampuni ya kusafirisha vifurushi. Sikilizeni sauti zile: zimekaa juu ya mstari, hakuna inayoyumba, tamu kama asali. Na ndani yake watu watatu hawasikilizani.

Kuna kitu kibaya kuliko kupachika chombo, nacho ni kupachika watu. Mwaka 1966 Rolling Stones walitolewa albamu ya laivu Marekani ambayo nyimbo zake mbili zilikuwa rekodi za studio zilizomwagiwa kelele za mashabiki juu. Wale wasichana walipiga yowe kwa ajili ya wimbo mwingine kabisa.

Na wale wanaopenda rekodi ya mwimbaji Johnny Cash kwenye gereza la Folsom, ya tarehe 13 Januari 1968, mnaukumbuka ule mstari anaoimba kwamba alimpiga mtu risasi Reno ili amwone akifa. Mara tu anapousema, unasikia shangwe. Shangwe ile iliongezwa baadaye. Wafungwa walikuwa waangalifu, hawakutaka kushangilia uhalifu mbele ya askari waliowalinda. Hebu fikirini: ukumbi umejaa watu walio kifungoni, wamesikia mstari ule, wakanyamaza. Ukimya ule ulikuwa jibu zito kuliko shangwe yoyote, nao ukafunikwa. Mimi ningelipa fedha kuusikia.

Wapo walioacha mambo yalivyo, na sitawachukulia muda mrefu kwa sababu kazi yao inajisemea. The Who walirekodi Chuo Kikuu cha Leeds tarehe 14 Februari 1970, mkanda ukaingia mikwaruzo, na kwenye lebo ya sahani wakaandika kwa mkono maneno ya kuwaambia mafundi kwamba mikwaruzo ile ni sawa, wasiirekebishe. Deep Purple walirekodi Osaka na Tokyo, tarehe 15 hadi 17 Agosti 1972, fundi akiwa Martin Birch, na wamesema kwamba hawakupachika kitu. Sikilizeni gitaa na kinanda vinavyokimbizana humo. Mmoja anatupa sauti, mwenzake anaidaka na kuirudisha ikiwa imepinda. Huwezi kukirekodi kitu kile mara mbili.

Na yupo mmoja niliyemheshimu kwa ukweli wake. Peter Gabriel alipotoa albamu yake ya laivu ya mwaka 1983, aliandika kwenye jalada kwamba baadhi ya sauti ziliongezwa mahali pasipo mbali sana na nyumbani kwake, na kwamba jina la kawaida la kazi hiyo ni udanganyifu. Akaongeza kwamba wamejitahidi kuacha kiini cha maonyesho yale, pamoja na upungufu wa kibinadamu. Mistari michache kwenye jalada, na mnunuzi anajua alichobeba.

Wazee mliopo hapa mtaniambia haya yote ni matatizo ya wenye njia 24. Nanyi mna haki. Pale Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima iliingia studio, ikapiga kwa pamoja, na wimbo ukaenda kwenye mkanda kama ulivyopigwa. Aliyekosea kwenye ubeti wa mwisho aliwarudisha wote mwanzo, tarumbeta na wote, kwa hiyo kila mtu alimsikiliza mwenzake kama anayevuka mto kwa kamba. Nyimbo zile ni za studio, na bado zina ulaivu kuliko nusu ya albamu nilizozitaja.

Nina moja tu iliyobaki, si ya roki, lakini ndiyo inayonihusu zaidi. Tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la Newport, Rhode Island, bendi ya jazi ya Duke Ellington ilipanda jukwaani usiku. Katikati ya wimbo mmoja Ellington alimwachia mpiga saksofoni wake, Paul Gonsalves, nafasi ya kupiga peke yake. Gonsalves aliurudia mzunguko wa wimbo mara 27. Watu walisimama juu ya viti, wakacheza kwenye vijia, na waandaaji wakaanza kuogopa fujo. Lakini Gonsalves alikuwa amesimama mbele ya maiki isiyo yake. Jukwaani palikuwa na maiki za kampuni ya Columbia iliyokuwa ikirekodi albamu, na maiki za redio ya Sauti ya Amerika. Yeye aliipulizia ya redio. Kwenye mkanda wa Columbia saksofoni ya usiku ule inasikika kwa mbali, kama mtu anayepiga chumba cha pili.

Vilevile Ellington alikuwa ameleta utungo mpya ambao bendi haikuwa imeufanyia mazoezi ya kutosha. Siku mbili baadaye, tarehe 9 Julai, waliingia studio New York wakarudia sehemu kubwa, makofi yakaongezwa, na albamu ikatoka kama ya tamasha. Iliuza kuliko albamu yake yoyote maishani mwake.

Katika miaka ya 1990 mkanda wa ile redio ukapatikana. Ulikuwa umekaa kwenye hifadhi, mzima, na Gonsalves yumo, karibu, mpaka pumzi yake. Wataalamu wakaupanga sambamba na mkanda wa Columbia, huu kushoto na ule kulia, na mwaka 1999 ikatoka albamu mpya ambayo kwa mara ya kwanza unasikia jukwaa lile kwa upana wake. Ilichukua miaka 43. Ellington alikuwa ameshafariki, na Gonsalves pia, siku chache tu kabla yake.

Kwa hiyo vijana, ombi langu kwenu ni la kazi. Diski leo ni rahisi. Rekodi ya jukwaani ikitua, kabla hujagusa hata kitufe kimoja, tengeneza nakala, andika tarehe na ukumbi, weka pembeni, na ikiwezekana moja ikae nje ya studio yako. Halafu ukiambiwa parekebishwe, usianze na yule aliyekosea. Zima njia yake, sikiliza waliobaki. Kama hakuna aliyegeuka, rekebisha na ulale usingizi. Kama dramu zilimngoja, kama waitikiaji walimdaka, kama ukumbi ulipumua, mwite mwenye onyesho, mwekee hedifoni, msikilizishe hilo hasa. Wengi wataamua wenyewe kupaacha. Asipokubali, ni kazi yake na jina lake, fanya, lakini muombe ruhusa ya kuandika kwenye jalada kwamba sauti fulani zilirekodiwa baadaye.

Sasa nimalizie kwa kuwachezea kitu. Mwaka jana kijana mmoja alinitumia faili. Usiku ule wa kwaya alikuwa mvulana mdogo, amekaa safu ya tatu, na alikuwa amerekodi kwa simu ya dada yake. Nilimpelekea mama, tukaisikiliza sebuleni kwake, na ameniruhusu niilete hapa. Sauti ni mbovu. Feni zile sita zinalia mwanzo hadi mwisho, na kuna mtoto anaomba maji. Naomba aliye karibu na swichi azime na feni yetu hii ya juu kwa muda. Asante. Ni dakika mbili na nusu. Neno ni "nyumbani". Likikatika mara ya pili, hesabuni mapigo manne.